Hitaji Namba Moja

Katika daftari la jumuiya yetu, hitaji langu lilikuwa namba moja kwa miaka kumi na mmoja. Wengine walikuja wakaondoka. Mtu aliumwa mguu, tukamwombea, akapona, akafutwa. Mwingine mume wake alikwenda machimboni akapotea, tukamwombea, mume akarudi na pikipiki, mke akafutwa. Wenye kesi ya mpaka wa shamba walipatana, wakafutwa wote wawili kwa mkupuo. Mimi nilibaki pale juu, mstari wa kwanza, na daftari lilipojaa katibu alinunua jingine, akanihamishia huko kabla ya mtu yeyote. Sikuhitaji hata kusikiliza akisoma. "Dada yetu fundi, ajaliwe mtoto." Kisha vichwa vinainama.

Jumuiya yetu hukutana Jumatano alfajiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye zamu hupanga mabenchi, hutandika kitambaa juu ya meza, na baada ya sala kila mtu hunywa kikombe kimoja cha uji wa uwele, akawahi shambani. Hapa ni Mtinko, na mambo ya mtu hayana mlango. Ukichelewa kuzaa mwaka mmoja wanakuuliza. Ukichelewa miwili wanakuombea. Ikifika mitano au sita wanaacha kukuuliza kabisa, wanakuangalia tu tumboni halafu usoni, na mimi mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niwe na ulimi mkali. Wanasema nilizaliwa nao. Si kweli, niliupatia hapa hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Nina cherehani ya kukanyaga chini ya kibanda cha bati pembeni ya soko, na siku ya mnada nashona hadi kisigino kinawaka. Wanawake wote walioolewa mwaka mmoja na mimi wanaitwa mama fulani, kila mmoja kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi naitwa fundi. Si tusi. Hata mchungaji ananiita hivyo, tena kwa heshima. Lakini iko siku mteja aliniita fundi huku ananyonyesha, na mimi nikakata suruali ya mumewe mguu mmoja mfupi. Nilimlipa kitambaa na sikumwambia sababu.

Januari ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Januari ni sare za shule. Wanaletwa kwangu watoto wamepanga foleni, mmoja mmoja nampima mabega, nampima kiuno, naweka futi ya kitambaa mgongoni kwake anacheka kwa sababu inamtekenya. Kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja niliyemchagua kimyakimya. Nilikuwa nimefanya hesabu: kama ile mimba ya kwanza niliyoitarajia ingekuwa kweli, wangu angekuwa darasa la pili sasa, darasa la tatu, la nne. Basi nilimpima yule wa darasa hilo polepole kuliko wenzake. Nilimwachia pindo kubwa kwenye gauni ili akirefuka mama yake alishushe. Nilitamani sana kuwa mtu wa kushusha pindo.

Mama mkwe wangu aliishi, na bado anaishi, ng'ambo ya uwanja wetu, hatua ishirini toka mlangoni kwangu. Alizaa wanne akazika watatu. Aliyebaki ndiye aliyenioa mimi. Kwa hiyo sina haki ya kusema kwamba alinionea. Alikuwa na mlango mmoja tu uliobaki, na mlango huo ulikuwa mimi. Hakunisema vibaya hata siku moja. Ndugu zake walipokuja kumshauri kijana wake aoe wa pili, aliwapikia kuku, wakala, kisha akawaambia warudi kwao salama. Lakini kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza, alipiga magoti kwenye mkeka wake akaomba kwa sauti, kwa Kinyaturu, maana alisema Kiswahili ni cha mkutano. Aliomba kwa kirefu. Alimweleza Mungu nyumba yetu ilipo, kana kwamba Mungu angeweza kupitiliza akampelekea mtoto jirani. Alimtajia bati, mti wa mkungugu ulio nyuma, zizi. Mimi nimelala kitandani nasikia kila neno, na mume wangu kando yangu anajifanya amelala.

Tulikwenda hospitali mjini tukapimwa wote wawili. Daktari hakuona kasoro, akasema tuendelee kujaribu, nikamjibu kwamba hilo tungeweza kuambiwa hata na kondakta. Mume wangu alicheka njia nzima kurudi. Ni mtu wa maneno machache, ana ng'ombe wa kulimia na heka tano za alizeti, na kucheka kwake kulinisaidia kuliko vidonge. Dawa ya kienyeji nayo nilikunywa. Waumini wenzangu wakisoma hapa watashangaa, na washangae. Shangazi mmoja aliniletea kwenye chupa ya soda, chungu kama nini, nikanywa siku saba nimejificha jikoni, na Jumapili nikasimama kwenye kwaya nikaimba kwamba namtumaini Bwana peke yake. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Na maneno ya kunifariji, jamani. "Subira yavuta heri." "Mungu si Athumani." Walinikumbusha wale wanawake tasa wa kwenye Maandiko, mmoja baada ya mwingine, wote waliojaliwa uzeeni, hadi nikawachukia wale wanawake. Hakuna aliyenitajia mwanamke aliyeomba akakosa, akaishi na Mungu wake vivyo hivyo. Nilimtafuta mwenyewe nikisoma, kwa hamu, kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye msafara.

Mwaka wa kumi na moja nilipitiliza siku zangu. Wiki moja, mbili, tatu, hadi sita. Kipimo kinauzwa duka la dawa, bei ya soda mbili, lakini muuza duka ni mwimbaji mwenzangu, sauti ya kwanza, na mdomo wake ni sauti ya kwanza pia. Nikinunua tu, kwaya nzima ingejua kabla sijafika nyumbani. Basi nikakaa na siri yangu. Nilikanyaga cherehani kwa upole. Vipande vya vitambaa vilivyobaki, ambavyo kwa kawaida nauza kwa watu wa kujaza mito ya kulalia, nilianza kuviweka pembeni, nikashona kigauni kimoja cha ukubwa wa kiganja changu, halafu kingine. Chakula kilinichefua, au niliamua kinichefue. Wiki ya sita nikamwambia mume wangu. Aliweka kijiko chini, akatoka nje, akasimama karibu na ng'ombe muda mrefu. Kisha, kwa kuwa furaha ilimzidi, akamwambia mama yake.

Mama mkwe hakungoja. Huku kwetu mtu aliyetendewa jema na Mungu huleta shukrani yake mbele ya kanisa, na asiye na fedha huleta alichonacho: debe la uwele, mayai, chupa ya mafuta ya alizeti, kuku. Baada ya ibada vinanadiwa nje mlangoni. Jumapili ile, wakati wa shukrani, nikiwa nimekaa na kwaya mbele, nilimwona mama mkwe anainuka nyuma kabisa. Alikuwa na mtetea wake, yule anayetaga, wa pekee aliyekuwa naye mwaka ule baada ya kideri kumaliza wengine. Hakuja akitembea. Alikuja akicheza, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kuku mkononi, vigelegele vikimfuata toka benchi hadi benchi. Alipofika mbele akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili pasiwepo asiyeelewa, kwamba Bwana amekumbuka nyumba yake.

Nilijua kabisa nilipaswa kusimama niseme bado. Niseme mama, ngoja, sijapima. Sikusimama. Watu walikuwa wamenigeukia wote, wanalia, katibu wa jumuiya analia, na mimi nilitaka iwe kweli kiasi kwamba niliona nikisimama ndiyo itakuwa uongo. Nilitabasamu. Nikaweka mkono tumboni. Hilo la mkono ndilo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho.

Jumanne nikiwa kwenye cherehani niliona damu.

Nilimalizia mshono niliokuwa nao, nikafunga kibanda, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alisikiliza, akachukua jembe, akaenda shambani saa tisa jua kali, wakati ambao hakuna mtu anayelima. Mama mkwe alisikiliza akiwa anapepeta uwele, hakuacha kupepeta. Akasema shukrani ya Mungu hairudishwi, tuendelee kuomba. Na Jumatano iliyofuata, nilisikia kwa watu, maana sikwenda, katibu ambaye alikuwa amenifuta kwa furaha aliniandika upya. Na kwa huruma yake hakuniweka mwisho. Aliona ni ukatili. Akanirudisha namba moja.

Nilimnunia Mungu. Sijui neno jingine. Sikuacha kumwamini, ningewezaje, mtu hamnunii asiyekuwepo. Kanisani nilikwenda kwa sababu sauti ya pili tulikuwa watatu tu. Nyumbani sikuomba. Nikifumba macho nilikuta jambo moja tu limekaa katikati yetu, na yeye upande ule na mimi upande huu, na hakuna anayeongea. Nilipungua. Usingizi ukanipotea. Na kitu nilichokitamani wakati ule, kwa kweli, kilianza kubadilika bila mimi kujua. Nilikuwa namkumbuka Mungu. Yule wa zamani, wa utotoni kwetu Mgori, niliyekuwa namwambia mambo ya kuni na ya mbuzi nikiwa njiani kutoka msituni, sina ninachomwomba, namsimulia tu. Nilikuwa nimempoteza huyo njiani mahali fulani, na nilimtamani kama ninavyomtamani mtoto, sikuweza kutofautisha.

Miezi mitatu baadaye zamu ya jumuiya ikafika nyumbani kwangu. Zamu haikataliwi, hata uwe na msiba. Nikapanga mabenchi, nikatandika kitambaa, nikapika uji. Walikuja kumi na wanne, na mama mkwe alikaa mahali pake karibu na mlango. Tukaimba, mzee wa kanisa akasoma neno, katibu akafungua daftari. Kabla hajavuta pumzi nikanyoosha mkono.

"Namba moja naomba ifutwe."

Katibu alinitazama, macho yakaanza kumng'aa. Nikajua anawaza nini, nikawahi kusema hapana, sijajaliwa, naomba tu ifutwe. Uji ulisikika ukitokota jikoni. Mzee wa kanisa ni mtu mpole. Akaniuliza taratibu kama nimekata tamaa, akaanza kunieleza habari za imani, na kama ningekuwa yule mwenye ulimi wangu wa kawaida ningemjibu vibaya. Lakini nilikuwa nimechoka hata ukali umeniisha.

"Mzee wangu, sijakata tamaa kwa Mungu. Nimechoka kukutana naye kwa jambo hili moja. Kila nikifumba macho tunagombana. Niombeeni nipatane naye, mtoto aje au asije."

Nilisema hivyo nikiwa nalia, na sikuona haya. Hakuna aliyejua aandike nini. Katibu alishika kalamu, akaiweka chini. Ndipo mama mkwe akainuka. Aliweka kikombe chake cha uji, ambacho hakuwa amekinywa, juu ya benchi, akavuta kanga begani, na pale mlangoni akageuka akaniambia kwa Kinyaturu, bila kupaza sauti, "Umenifungia mlango wa nyumba yangu." Akaenda zake. Nilisikia hatua zake uwanjani, zote ishirini.

Waliobaki waliniombea. Sikusikia walichoomba.

Jioni nilimwogopa mume wangu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimpakulia ugali na mlenda bila kumwangalia usoni, maana mama ni mama, na yule alikuwa mama wa mtoto mmoja. Alikula akamaliza. Kisha akasema kila Jumatano, katibu akisoma ule mstari wa kwanza, yeye alikuwa anajisikia kama mtu anayesomewa hukumu, na miaka yote hakuthubutu kuniambia kwa sababu aliona maombi yale ndiyo yanayonishikilia mimi. Tukatazamana. Tulikuwa tumeteseka kila mmoja upande wake kwa kumhurumia mwenzake. Huo ndio ujinga wa wapendanao.

Mama mkwe hakusema na mimi msimu mzima wa kilimo. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," na kwa kuwa kutoitikia shikamoo ni dhambi ambayo hata hasira yake haikuifikia, aliitikia, "Marahaba." Basi. Kupalilia tulipalilia alizeti mistari inayofuatana, tangu asubuhi hadi jua kichwani, na neno lililotoka kinywani mwake kuja kwangu lilikuwa hilo moja. Akitaka chumvi alimtuma mtoto wa jirani aje kwa fundi. Niliumia, lakini kusema kweli nilikasirika pia, nikasema moyoni, thubutu, mimi sitapiga magoti kwa hili.

Wakati huo huo ndipo nilipoanza kukaa. Sina jina jingine la jambo hilo. Nilifika kibandani mapema kabla ya wateja, nikakaa kwenye kiti changu, cherehani bado imefunikwa, nikanyamaza mbele za Mungu. Siku za kwanza hazikuwa kimya chochote. Nilimwambia yote, kuhusu kuku, kuhusu mkono wangu tumboni, kuhusu foleni za Januari, na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, maneno ambayo mwanakwaya hatakiwi kuyajua. Ilichukua wiki nyingi. Nilikuwa nikimaliza naanza kupiga pasi nguo za watu. Mpaka asubuhi moja nikakaa na sikukuta la kumwambia. Nilitafuta, sikupata. Kulikuwa na ubaridi wa mwezi wa sita, ule upepo wa Singida unaopuliza mavumbi barabarani, na mtu mmoja kwa mbali alikuwa anafungua duka lake. Nikabaki nimekaa.

Sikuona maono. Sikusikia sauti ikiniita. Nilichojua ni kwamba yupo, na kwamba hakuja kunijibu. Alikuwa amekuja kukaa. Kifua changu, ambacho kwa miaka kilikuwa kimebana kama nguo iliyokosewa vipimo, kililegea, nikavuta pumzi hadi chini kabisa. Nikalia, lakini kile kilio kingine, cha mtu aliyefika. Mteja wangu wa kwanza akanikuta na kamasi, akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna, leta kitambaa chako.

Hamu haikuondoka, mtu asikudanganye. Januari iliyofuata nilimpima mtoto wa darasa la tano, mabega yake yakiwa moto kwa jua, na nilitamani kumpeleka nyumbani kwangu kama kawaida. Nikamwachia pindo kubwa. Lakini nilipomwona anaondoka na mama yake sikumgeukia Mungu kumuuliza kwa nini. Nilimwambia tu, umemwona yule? Na nikasikia kwamba amemwona, na kwamba anajua nilivyomtazama. Amani niliyopewa ilikuwa ya namna hiyo, na niliikuta inanitosha siku kwa siku. Usingizi ulirudi.

Kitu kimoja tu kilibaki kunichoma. Jumuiya ilikuwa imenifuta, lakini mama mkwe hakunifuta. Hasira yake ilipungua kidogo kidogo, kwanza akaniomba chumvi mwenyewe, kisha akaniletea kifaranga, baada ya miaka miwili tukawa tunacheka tena. Ila kila alfajiri, hatua ishirini toka dirishani kwangu, sauti ile ile. Bati, mkungugu, zizi. Ee Mungu, mlango ni ule. Miaka tisa zaidi aliomba peke yake kile ambacho mimi nilikuwa nimekiacha, na hatukukizungumza. Magoti yake yaliharibika, akawa anaomba amenyoosha miguu. Sauti yake ilikwaruza. Na mimi, niliyekuwa na amani yangu kule kibandani, nilikuwa nikisikia ile sauti navuta shuka kichwani, maana iliamsha kila kitu. Nilimtamani mtoto kwa sauti ya yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumtamani kwa yangu.

Halafu mwili wangu ukamaliza. Safari hii nilikwenda kupima, sikujali kwaya. Mwaka mzima ulikuwa umepita bila damu, na nesi wa zahanati akanithibitishia kwa maneno ya kawaida kabisa kwamba ni umri, ndiyo imekoma. Nilimshukuru. Nilinunua sabuni njiani. Nilipofika uwanjani nikamwona mama mkwe amekaa kizingitini anachambua mboga, na nikajua kwamba mume wangu naweza kumwambia jioni, lakini huyu siwezi kumwacha aamke kesho alfajiri aombe kwa ajili ya mlango ambao umeshafungwa, na mimi nimelala nasikiliza. Ningekuwa nimemwacha acheze na kuku mara ya pili.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaamka kabla yake, nikajifunga kanga, nikavuka uwanja. Nilimkuta ndiyo anatandika mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia usoni, akaniambia nikae niseme. Nikamwambia kwa Kinyaturu, kwa maneno mafupi, kama tunavyosema sisi wanawake. Kwamba imekoma. Kwamba haitarudi.

Hakulia. Alilainisha pembe ya mkeka kwa kiganja, mara nyingi, mahali ambapo palikuwa pamelala tayari. Akasema binti wa kwanza angepewa jina lake yeye. Ndiyo desturi, nilikuwa najua, lakini sikuwahi kufikiri kwamba miaka ishirini alikuwa anaomba pia apatikane mtu wa kuitwa kama yeye atakapokuwa hayupo. Nikamwambia pole mama. Akaniambia pole na wewe. Ilikuwa mara ya kwanza tunapeana pole kwa ajili ya mtoto yule, sisi wawili tuliomtaka kuliko watu wote, na nikaona kwamba msiba wetu haukuwahi kukaliwa matanga. Hapo ndipo nilipolia mimi. Yeye alinishika kifundo cha mkono akangoja nimalize.

Nje kulikuwa kunapambazuka, muda wake wa kuomba ulikuwa unapita. Alielekea ukutani kama alivyozoea, akafumba macho, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akafumbua macho akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea kwenye njia anayoipita kila siku.

"Sasa nitaomba nini?"

Ningeweza kumwambia aniombee mimi, au amwombee mwanawe, au mvua. Lakini hakuwa anauliza orodha.

"Wewe unaombaga nini huko kibandani kwako?" akauliza. "Watu wanasema unakaa tu, cherehani imefunikwa."

Nikamwambia ni kweli. Sina ninachoomba. Nakaa.

"Unakaa tu?"

"Nakaa tu, mama."

Alifikiri. "Na yeye anakuja?"

Nilitaka nimjibu vizuri, kwa sababu nilishawahi kumwacha aamini lisilokuwepo mbele ya kanisa zima. Nikamwambia siku nyingine simsikii kabisa. Lakini anakuja.

Mama mkwe akavuta miguu yake mibovu kwa mikono, mmoja kisha mwingine, akasogea upande wa ukuta mpaka nusu ya mkeka ikabaki wazi. Akaipigapiga.

"Basi kaa hapa," akasema. "Tumngoje wote."